Mpini wa Pembe

Ukiuza nganya iliyochoka, hakuna anayekulipa graffiti. Unaweza kuwa ulimwaga pesa kwa michoro, taa za rangi, spika na skrini, lakini siku ya kuuza mnunuzi atafungua boneti, asikilize injini, kisha akuulize logbook iko wapi. Michoro ni mapenzi yako. Akiwa mkali atakukata hata bei, kwa sababu itabidi amlipe fundi aikwangue ndio aweke yake. Kila broker wa magari Nairobi anaijua sheria hii. Wakadiriaji wa bei za bastola kule Marekani nao wanaitumia hiyo hiyo, neno kwa neno.

Mimi si mtu wa bunduki. Ninachopenda ni historia ya vitu: nani alikitengeneza, nani alikishika, kilipita wapi mpaka kikafika mezani. Ndiyo maana napenda kusoma katalogi za minada, na kati ya katalogi zote, za silaha ndizo zenye maelezo marefu kupita kiasi. Hapa kwetu bastola haiuzwi kama simu. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka cheti na idhini kabla ya silaha kubadilisha mkono. Kule Marekani soko la bastola za mitumba ni kubwa na la wazi, na wanaolifuata wamekuwa na zaidi ya karne moja ya kubishana juu ya swali moja: bastola iliyorembwa ina thamani gani ikiuzwa tena?

Tuanze na jibu la kawaida. Tuseme mtu amenunua bastola mpya kwa dola 1,000. Akaipeleka kwa fundi, akalainishiwa kifyatulio, akabadilishiwa mtutu, akawekewa shabaha mpya na rangi anayoipenda, kazi ya dola 1,000 nyingine. Akija kuuza anadhani ana kitu cha dola 2,000. Wapi! Atapewa bei ya bastola iliyotumika, na kidogo juu kama ana bahati. Mnunuzi ana sababu zake. Kifyatulio kilicholainishwa kwa kidole chako huenda ni hatari kwa kidole chake. Hajui fundi wako alikuwa nani. Rangi uliyoipenda wewe, yeye haitaki. Ndiyo maana muuzaji mwerevu hufungua vile vifaa vipya, akarudisha vya zamani vilivyotoka na bastola, kisha akauza kila kitu kivyake.

Kwa silaha za kale mambo ni makali zaidi. Huko kinachotangulia ni uasili. Kuna kitabu cha bei, Blue Book of Gun Values, kinachopima hali ya bunduki kwa asilimia ya rangi ya kiwandani iliyobaki juu ya chuma. Mbili zilizotoka kiwandani siku moja zinaweza kupishana bei mara kadhaa kwa sababu moja imebaki na asilimia 95 ya rangi yake na nyingine asilimia 30. Na ile ya asilimia 30 bado inaweza kuwa bora kuliko iliyopakwa upya ikang'aa. Mjukuu anarithi Colt ya babu, anaiona imefubaa, anaipeleka ipigwe msasa na kupakwa, akidhani ameiokoa. Kumbe msasa umekula pembe kali za chuma, umefuta alama za wakaguzi, umefifisha namba. Ni kama kuchukua mlango wa Lamu wenye miaka mia moja na hamsini, ukaukwangua na kuupiga vanishi ya duka la hardware. Unang'aa, sawa, lakini kazi ya aliyeuchonga imeenda na vumbi.

Basi, tungeishia hapo tungesema pambo ni hasara. Lakini fungua katalogi yoyote kubwa uone picha ya jalada: bastola iliyochongwa nakshi kutoka ncha ya mtutu hadi kitako, imefunikwa fedha au dhahabu, mpini wa pembe ya ndovu. Hiyo ndiyo inayowatoa watu jasho ukumbini. Inakuwaje pambo moja linaua bei na jingine linaipandisha mara kumi?

Jibu la kwanza ni nani alipamba, na lini.

Samuel Colt alikuwa mfanyabiashara kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Mwaka 1855 alifungua kiwanda kikubwa kando ya Mto Connecticut, mjini Hartford, na alijua kwamba bastola nzuri mikononi mwa mtawala ni tangazo lisilolipiwa. Tsar Nicholas I wa Urusi alipata zake, zimetiwa dhahabu. Waliofanya kazi hiyo walikuwa mafundi wahamiaji, wengi wao Wajerumani waliokuja Marekani na patasi zao. Gustave Young ndiye anayetajwa sana huko Hartford. New York kulikuwa na Louis Nimschke, aliyezichonga silaha za kampuni nyingi. Nimschke alikuwa na tabia moja ambayo wakadiriaji wanaishukuru mpaka leo: alikuwa akigandamiza nakala za nakshi zake kwenye daftari. Daftari lile likabaki. Leo mtu akileta bastola na kudai ni mkono wa Nimschke, unaweza kulinganisha jani kwa jani, mkunjo kwa mkunjo.

Hapo ndipo karatasi inapoingia. Colt ilitunza rejista za bastola ilizosafirisha, na mwenye bastola ya kale anaweza kuomba barua kutoka kumbukumbu za kampuni. Barua inasema: namba hii ilitoka kiwandani tarehe hii, ikaenda kwa fulani, urefu wa mtutu huu, rangi hii, nakshi ilikuwepo au haikuwepo, mpini wa kitu gani. Barua ikisema ilitoka na nakshi, bei inaruka. Ikiwa kimya juu ya nakshi, na nakshi ipo, basi ilichongwa baadaye, pengine miaka ya 1970 na mtu aliyetaka kukupiga. Pambo ni lile lile kwa macho, bei ni mbingu na ardhi. Ni logbook ile ile ya broker wetu, ila hii inakwenda nyuma miaka mia moja na zaidi.

Hata kwa bastola za karne ya 20 jina la fundi lina uzito. Armand Swenson wa California alizibadilisha Colt za aina ya 1911 kwa namna ambayo wajuzi wanaitambua kwa kuangalia tu umbo la mraba alilolipa kikingio cha kifyatulio. Kazi yake haihesabiwi kama bastola iliyochezewa. Inahesabiwa kama kazi ya Swenson, kama vile suti inavyoweza kuwa na jina la mshonaji. Fundi asiye na jina anaweza kuwa na mkono mzuri vile vile, lakini soko halilipi mkono lisiloweza kuutaja.

Jibu la pili ni nani aliishika, na hapa mambo yanaanza kuwa ya ajabu.

Tarehe 27 Agosti 2021, kampuni ya mnada ya Bonhams ilipiga nyundo juu ya Colt moja ya kawaida kabisa. Haikuwa na nakshi wala dhahabu. Kwa hali yake tu, ni bastola ambayo ungeipita ukitafuta nzuri zaidi. Ilikuwa imekadiriwa dola milioni 2 hadi 3. Iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 6, rekodi ya dunia kwa silaha ya moto wakati huo. Sababu ni kwamba usiku wa tarehe 14 Julai 1881, huko Fort Sumner, New Mexico, sherifu Pat Garrett aliitumia kumuua Billy the Kid. Garrett mwenyewe hakuinunua dukani. Aliichukua kwa mmoja wa wenzake Billy aliyekamatwa Desemba 1880. Baadaye ikaonyeshwa kwenye baa moja mjini El Paso, na mwenye baa alipofariki mjane wa Garrett alilazimika kwenda mahakamani kuidai. Nataka uone jambo hapo: kesi ya mjane yule, ambayo bila shaka ilimchosha na kumgharimu, ndiyo sehemu ya kile kilicholipiwa milioni 6. Mahakama iliandika ni bastola ipi, ya nani, ilipita wapi. Uchungu wake umegeuka cheti.

Wapenzi wa ushairi nao wana bastola yao. Asubuhi ya tarehe 10 Julai 1873, mshairi Paul Verlaine aliingia kwenye duka la silaha mjini Brussels, akanunua Lefaucheux ya milimita 7 kwa faranga 23. Siku hiyo hiyo, akiwa amelewa, ndani ya chumba cha hoteli, alimfyatulia risasi mbili mpenzi wake Arthur Rimbaud aliyetaka kumuacha. Moja ilimpata kwenye kifundo cha mkono. Verlaine akahukumiwa miaka miwili jela. Rimbaud, aliyekuwa na miaka 18, akarudi kwao kumaliza Une saison en enfer. Bastola ile ni kitu rahisi, ya aina iliyouzwa kwa maelfu. Novemba 2016 Christie's waliiuza Paris kwa euro 434,500, karibu mara saba ya makadirio ya juu. Yaani kitu kibaya zaidi alichowahi kukifanya mshairi ndicho kilichokipa chuma kile bei.

Halafu kuna zile zenye vyote viwili, pambo na kisa. Mwaka 1814 Napoleon, ameshindwa vita na analazimishwa kuacha kiti, alitaka kujiua kwa bastola zake mbili pale Fontainebleau. Zilikuwa zimepambwa dhahabu na fedha na sura yake mwenyewe. Msaidizi wake Caulaincourt alikuwa ameondoa baruti. Napoleon akameza sumu, akaitapika, akaishi, na bastola akampa Caulaincourt. Julai 2024 ziliuzwa mji ule ule wa Fontainebleau kwa euro milioni 1.69, na serikali ya Ufaransa ikazitangaza hazina ya taifa ili zisitoke nchini.

Hata sisi tumo kwenye orodha hii, japo kwa mlango wa nyuma. Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa Aprili 1909 alikuja na bunduki nyingi, na moja ilikuwa ya marisau, aliyopewa zawadi na mtengenezaji A. H. Fox, imechongwa kwa ajili yake. Ikauzwa mwaka 2010 kwa dola 862,500. Katika kitabu chake Roosevelt aliorodhesha wanyama 512 waliouawa na yeye na mwanawe Kermit katika safari ile. Orodha hiyo sasa ni sehemu ya asili ya bunduki, na asili ndiyo inayouzwa. Kinachoongeza thamani ya chuma ni ardhi yetu na damu iliyomwagika juu yake, lakini hakuna senti ya mnada iliyowahi kupanda meli kurudi huku. Sidai inapaswa. Nasema tu hesabu imekaa hivyo.

*

Sasa turudi kwenye mpini.

Jenerali George Patton alikuwa na Colt aliyoinunua El Paso mwaka 1916, yenye kalibari ya .45, imechongwa nakshi, imefunikwa fedha, mpini mweupe wenye herufi za jina lake. Mwezi Mei mwaka ule alikuwa nayo kwenye mapambano ya risasi huko Mexico, na kwenye Vita vya Pili vya Dunia dunia nzima iliijua kwa picha. Waandishi walipoandika kwamba mpini ni wa ganda la lulu alikasirika. Alisisitiza ni pembe ya ndovu. Kwake lulu ilikuwa pambo la wahuni, pembe ndiyo iliyomfaa mwanamume wa heshima. Hata leo, katika bei za bastola za kale, mpini wa pembe uliothibitishwa na barua ya kiwanda unaongeza thamani kuliko wa mti au mpira mgumu.

Nikisoma maneno hayo mawili, mpini wa pembe, naona ramani. Mwaka 1833 Sayyid Said wa Muscat na Zanzibar alitia saini mkataba wa biashara na Marekani. Mwaka 1837 balozi mdogo wa Marekani, Richard Waters, akafika Unguja. Mwaka 1840 jahazi la Sultana likatia nanga New York likiwa na pembe, karafuu, tende na kahawa, chini ya Ahmad bin Na'aman. Kutoka Marekani kukaja kitambaa ambacho bibi zetu wa pwani walikiita merekani, na kutoka kwa wafanyabiashara wa nchi mbalimbali zikaja gobori na mapipa ya baruti. Bunduki ziliingia bara na pembe zikatoka. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyekuwa mfanyabiashara mkubwa kuliko wote wa pembe, tunamjua kwa jina la Tippu Tip, na inasemekana jina lenyewe ni mlio wa bunduki zake.

Pembe ile haikutembea yenyewe. Ilibebwa na Wanyamwezi waliokodiwa, na ilibebwa na watu waliotekwa, kutoka Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika hadi Tabora, kisha Bagamoyo, miezi na miezi kwa miguu, kilo thelathini au zaidi begani. Kutoka Unguja ikavuka bahari hadi Connecticut. Kule kulikuwa na viwanda viwili vikubwa, kimoja Deep River na kingine mji ambao mpaka leo unaitwa Ivoryton, mji wa pembe. Sehemu kubwa ya pembe iliyofika huko ilipitia Zanzibar. Nyingi ilikatwa kuwa vibonye vya piano, nyingine vitana, vipini vya visu, mipira ya biliadi. Waliipenda ya Afrika Mashariki kwa sababu ni laini na haipasuki ovyo. Mto unaopita Deep River ni huo huo Connecticut, na ukiufuata juu unafika Hartford, mlangoni pa Colt.

Kwa hiyo tuna kitu ambacho kila sehemu yake ina karatasi. Chuma kina namba. Nakshi ina daftari la Nimschke. Mwenyewe ana barua, risiti, picha, hata hukumu ya mahakama. Kisha kuna mpini, na barua ya kiwanda inaandika neno moja, pembe, na kukata hapo. Mkadiriaji anafuatilia mnyororo wa umiliki hadi kiwandani na kusema amefika mwanzo. Kwa sehemu ile anayoishika mkononi, amefika katikati tu.

Soko limeanza kuliona hilo, ingawa kwa kulazimishwa. Julai 1989 Rais Moi aliwasha moto tani 12 za pembe katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Oktoba mwaka huo mataifa yakakubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe. Mwaka 2016 Kenya ikachoma tani 105 mahali pale pale, na miezi miwili baadaye sheria mpya za Marekani zikaifunga karibu biashara yote ya pembe ya ndovu wa Afrika ndani ya nchi hiyo. Zilibaki nafasi chache: kitu cha kale chenye miaka 100 au zaidi, au kitu ambacho pembe yake haifiki gramu 200 na si sehemu kubwa ya thamani yake. Mipini ya bastola inapita hapo mara nyingi. Lakini majimbo kama California na New York yameweka masharti yao makali zaidi, na Uingereza, tangu 2022, inataka usajili kwa vitu vichache inavyoviruhusu.

Matokeo yake kwenye bei ni ya kuchekesha kidogo. Pambo lile lile linalopandisha bastola jimbo moja linaweza kuifanya isiuzike jimbo la pili. Wapo wanaotoa mpini wa pembe wakaweka wa mti ndio wauze, kama yule wa nganya anayefuta michoro. Na bastola ya miaka ya 1950 iliyovishwa pembe kwa fahari, ambayo haijafika umri wa kuitwa ya kale, imekuwa mzigo kwa mwenye nayo: akitaka kuivusha mpaka, ananyimwa.

Nilipoanza kusoma katalogi hizi nilidhani nitajifunza jinsi watu wanavyopima uzuri. Uzuri wenyewe haujawahi kumlipa mtu kwenye mnada. Wanapima ushahidi. Bastola ya Garrett haina urembo lakini ina ushahidi, ndiyo maana ikashinda zote zilizorembwa. Ukilielewa hilo, unaelewa pia kwa nini mpagazi wa Tabora hana bei: hakuna aliyemwandikia barua.

Sasa sheria inamlazimu muuzaji ajibu swali ambalo kwa miaka mia moja na hamsini hakuna aliyemuuliza: pembe hii ni ya lini, na ilifikaje hapa? Wengi wanajibu nusu ya kwanza tu, kwa sababu hiyo ndiyo inayoruhusu kuuza. Nusu ya pili iko kwetu, kwenye njia ya zamani ya kuelekea Bagamoyo, na hiyo itabidi tuiandike wenyewe.